Mpe mtoto zamu: kumjengea mtoto lugha kwa kazi za kila siku nyumbani

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda Newala, mkoani Mtwara, kumsaidia dada yangu kuokota. Tulikuwa watu 7 shambani, na mjukuu wetu wa miaka 4, nitamwita Shazi, alikuwa nasi tangu alfajiri. Jioni, tukiwa tumekaa juu ya turubai tunatenganisha korosho na mabibo, yale matunda laini ya mkorosho, nilianza kukumbuka maneno aliyoambiwa siku nzima. Njoo huku. Toka juani. Leta ndoo. Usiguse. Kaa. Nyamaza, wakubwa wanaongea. Haya, kula. Alikuwa amezungukwa na mazungumzo tangu kunakucha, na hakuna aliyezungumza naye.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Mikindani, na kila Januari nawapokea watoto wa namna hiyo. Ukimuuliza, "Asubuhi umekula nini?" anajibu, "Chakula." Ukimuuliza, "Nani kakuleta?" anaonesha kwa kidole. Hawana upungufu wa akili hata kidogo. Hawajazoea kupewa zamu ya kusema, basi. Na kwa sababu kusoma ni kukutana kwenye karatasi na maneno uliyokwisha kuyasikia, mtoto mwenye maneno machache anapata shida anapofika darasa la kwanza kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Haya ninayoyaandika yanamfaa mtoto tangu anayenyonya hadi wa miaka 7 hivi. Hayahitaji kitu cha kununua, wala muda wa ziada ambao mama wa huku hana msimu wa korosho. Yanahitaji kazi zile zile unazozifanya, ila zifanywe na mtoto akiwa mwenzako wa kuzungumza.

Kwanza, jisikilize siku moja

Chukua vikombe viwili na konzi ya punje za mahindi. Tangu mtoto anapoamka hadi mnapomaliza chai, kila ukimwamuru tia punje kikombe cha kwanza. Kila mkizungumza, yaani ukasema wewe akasema na yeye, tia kikombe cha pili. Nimewapa wazazi wengi zoezi hili, na karibu wote wanarudi wameshtuka, kikombe cha pili kina punje mbili tatu.

Amri zina kazi yake. Mtoto lazima aambiwe asisogelee moto. Lakini amri hujibiwa kwa miguu na mikono, haidai mdomo. Anayelelewa kwa amri tupu anajua sana kutii, ila siku akiumwa hajui kueleza wapi panauma na tangu lini. Lengo la wiki ya kwanza ni hilo moja: punje za kikombe cha pili ziongezeke. Usianze jambo jingine kabla ya hilo.

Jifunze kungoja

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, na ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Ukishamuuliza mtoto, hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla hujasema tena. Utaona muda huo ni mrefu ajabu. Mtoto wa miaka 3 anatafuta neno kama mtu anayepapasa kibiriti gizani. Ukimuwashia wewe kila mara, hatajua kilipo. Mwangalie usoni, nyamaza, ngoja.

Zamu huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Wa miezi 3 akitoa "aguu", mjibu "aguu", kisha nyamaza umtazame, atarudisha. Hayo ni mazungumzo kamili, zamu yako na zamu yake. Huku tunambeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, jambo jema, anasikia sauti na joto la mama, ila haoni uso. Kwa hiyo utumie vizuri muda wa kuogesha na kumkanda kwa mafuta ya nazi. Muweke akutazame, umtajie unachogusa: "Haya mkono, lete na huu mwingine, ee, umeukunja!" Atajifunza midomo inavyokwenda.

Jambo jingine la kuangalia ni aina ya maswali. "Hii nini? Na hii? Rangi gani?" ni maswali ya mtihani, na mtoto anajua kuwa wewe jibu unalo. Anachoka haraka. Muulize usilolijua: "Mbona hili umeliweka huku?" "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Na mara nyingine usiulize kabisa. Sema ulichokiona, "Leo kuku wamenyamaza," halafu tulia. Atakuja mwenyewe.

Mchukue kwenye kazi: korosho

Onyo kwanza. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayounguza ngozi na midomo. Mtoto asiigonge wala kuitafuna, na asikae karibu mnapochoma, moshi wake ni mbaya. Kuokota, kuhesabu na kuchagua kunamtosha. Na mvalishe nguo ya kazi, maana doa la bibo halitoki.

Kesho yake kule Newala nilimpa Shazi kikapu chake, tukakaa sisi wawili kuchagua: nzuri upande huu, mbaya upande ule. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Bibi, hii chafu."

"Korosho hii chafu? Imefanyaje?"

Akaigeuza. Nikangoja. Akaisogeza karibu na jicho.

"Ina... ina nyeusi."

"Ina doa jeusi. Kweli, ina doa hapa pembeni. Tuiweke wapi?"

"Kule kwa mbaya."

"Kule kwa korosho mbaya. Haya, iweke."

Sikumwambia "sema doa". Nililitaja neno pale alipokuwa analihitaji, jicho lake likiwa juu ya doa lenyewe. Siku ya tatu nilimsikia akimuonya mjomba wake, "Mjomba, usichanganye, hiyo ina doa." Neno lilikuwa limeshakuwa lake.

Mkorosho wenyewe ni mwalimu wa sarufi ambaye sijaona mfano wake. Mti mmoja una ngeli tatu: mkorosho huu, mikorosho hii; bibo hili, mabibo haya; korosho hii, korosho hizi. Mtoto anayeshinda chini yake akisikia "bibo jekundu limeanguka, mabibo mekundu yameanguka, korosho imeanguka, mkorosho umeanguka" anapata kwenye sikio upatanisho ambao darasani tunauhangaikia kwa chaki. Usimwambie habari ya ngeli. Wewe sema sentensi nzima nzima, usikate kwa "hiki", "kile", "weka huko". Kila unapoweza kutaja jina la kitu, litaje.

Asiye na shamba asijione amekosa. Kuchambua dagaa, kuchagua mchele kwenye ungo, kukunja nguo, vyote vina nzuri na mbaya, kubwa na ndogo, hii ya nani na ile ya nani.

Jikoni

Nazi peke yake inatosha somo la mwezi. Unaivunja, unaikuna kwenye mbuzi, unaitia maji, unaikamua, unachuja. Kifuu kinabaki, chicha linabaki, tui zito linawekwa kando, tui jepesi linatangulia kwenye chungu. Hesabu vitendo na majina hapo, halafu fikiria mtoto aliyeambiwa tu "sogea kule, unanizibia".

Lugha yetu ina utajiri kwenye mwisho wa kitendo, na jikoni ndiko unakosikika. Maji yamechemka, nani kayachemsha? Kikombe kimevunjika, nani kakivunja? Uji umemwagika, nimeumwaga, nimemmwagia mdogo wangu. Mtoto anayetofautisha "umemwagika" na "nimeumwaga" anajua kueleza tukio, na anajua kukiri kosa pia. Akisema "kikombe kimevunjika" usikimbilie kugomba. Muulize kimevunjikaje, mwache asimulie hadi mwisho.

Mkimaliza kupika ming'oko, ile mizizi ya porini, au mchuzi wa pweza, kuna hatua nisiyotaka uiache. Mwambie, "Nenda kamweleze baba tulivyopika." Wewe ulikuwepo, hana sababu ya kukusimulia, atasema mawili akakimbia. Baba au babu hakuwepo, hivyo mtoto analazimika kupanga: kwanza tulimwosha, halafu bibi akampondaponda, halafu tukamtia nazi. Waombe wanaume wa nyumba wasikie hadi mwisho na waulize, "Halafu?" Neno hilo moja la "halafu" limewafundisha watoto kusimulia kuliko vitabu vingi nilivyokuwa navyo darasani.

Mtume, lakini kwa maneno

Watoto wa huku wanatumwa tangu zamani, na mimi sipendi kuona desturi hii inageuka kuwa kubeba karatasi yenye orodha, au simu. Mtoto wa miaka 4 mpe jambo moja la kusema: "Mwambie mama Hassani, bibi anaomba ungo." Wa miaka 5 mpe mawili. Wa miaka 6 au 7 mpe matatu, pamoja na jibu la kurudi nalo: "Shikamoo, bibi anasalimia, anauliza mkeka umekwisha? Kama haujakwisha, utakuwa tayari lini?" Kabla hajaondoka akurudishie ujumbe kwa mdomo wake. Akirudi, msikilize kama unavyomsikiliza mtu mzima aliyeleta habari.

Sokoni ni hivyo hivyo. Ukienda Chikongola au kwa wavuvi, mwache yeye aulize bei ya fungu. Wauza samaki wengi ni wakarimu kwa watoto, watamtajia changu, tasi, kolekole, na akitaka atahesabu mikono minane ya pweza pale pale. Mfanye mazoezi njiani: utamwamkiaje, utaombaje, akisema bei kubwa utasemaje.

Akikosea

Akisema "kiatu yangu imepotea", usimkatize kwa "siyo hivyo, sema vizuri". Jibu alichokisema, kwa umbo sahihi: "Kiatu chako kimepotea? Kilikuwa wapi?" Amesikia, na hadithi yake haikukatika. Fanya hivyo mara mia, litanyooka. Kumcheka, au kumuigiza mbele ya wageni, kunafunga mdomo wa mtoto kwa muda mrefu. Nimefundisha mmoja ambaye hakunena darasani kwa muhula mzima kwa sababu nyumbani walikuwa wakimuigiza alivyokuwa anasema "lafiki".

Sauti ngumu huchelewa. R na l, pamoja na th, dh na gh, humsumbua mtoto hata akiwa na miaka 5, na si jambo la kuogofya. Kigugumizi nacho huwajia watoto wengi kati ya miaka 2 na 5, maneno yanapojaa kichwani kuliko mdomo unavyoweza kuyatoa. Usimmalizie neno. Usimwambie "tulia, vuta pumzi". Ongea nae taratibu wewe mwenyewe, mtazame, ngoja amalize. Kikikaa miezi 6 au zaidi, au ukiona anakunja uso na kuogopa kusema, muone mtaalamu.

Dalili za kutokupuuza

Kwa kawaida mtoto hubwabwaja "babababa" akikaribia miezi 7 hadi 10, hutoa neno la kwanza lenye maana karibu na mwaka 1, na akifika miaka 2 anaunganisha mawili: "mama njoo", "maji hapana". Miaka 3, hata mgeni anaelewa sehemu kubwa ya asemayo. Watoto hupishana, ila haya usiyangojee: haitiki sauti kubwa wala jina lake, mwaka 1 umefika habwabwaji wala haoneshi kitu kwa kidole, miezi 18 hana neno hata moja, miaka 2 haunganishi mawili, au, katika umri wowote, alikuwa na maneno yakapotea.

Jambo la kwanza kukaguliwa ni masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara, ambalo watu hulitia mafuta ya nazi wakasema litapona, linaweza kumnyima mtoto usikivu katika miaka ile ile ya kujifunza kusema. Usitie kitu sikioni. Nenda na kadi ya kliniki kwenye kituo unachompeleka kupimwa uzito, waeleze waziwazi unachokiona, na ikihitajika watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Na nasihi kwa nguvu zote: kumkata mtoto kimeo hakumfanyi aseme. Kunaleta kutoka damu na maambukizi.

Lugha ya bibi

Nyumba nyingi za huku zina lugha mbili au tatu. Bibi anasema Kimakonde, mama Kiyao, mtaani Kiswahili. Upande wa Lindi utakuta na Kimwera. Naulizwa kila mwaka, "Mwalimu, tumkataze bibi, asimchanganye?" Msimkataze. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Anaweza kuchanganya maneno kwa muda, kisha anajua mwenyewe nani anaambiwa nini: kwa bibi *medi*, kwa mwalimu maji, kitu kile kile cha kwenye mtungi. Akifika darasani akiwa anajua kusimulia kwa Kimakonde, kazi yangu ni kumpa maneno ya Kiswahili tu, maana kusimulia anakujua tayari.

Kila mtu aseme na mtoto kwa lugha anayoimudu vizuri, yenye utani, hadithi na hasira zake. Bibi anayemwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kudai alete samaki anamfundisha kujibishana, kujitetea na kucheka, na hayo hayatoki vizuri katika lugha ya kuazima.

Kanga kama kitabu cha kwanza

Kama nyumbani hamna kitabu, kanga zipo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mnapoanika, muoneshe kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia ukisoma: HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Muulize, "Ba iko wapi?" Atazitafuta, na hapo zipo kadhaa. Usimkalishe kama darasani. Soma moja, ning'iniza, soma nyingine. Majina ya mitumbwi ufukweni, maandishi ya bajaji na mifuko ya unga ni ya kusomwa vile vile.

Silabi pigieni makofi, maana kusoma Kiswahili kunakwenda kwa silabi: ma-bi-bo, makofi matatu, ko-ro-sho, matatu, m-ko-ro-sho, manne. Mtoto akishangaa kuwa ile "m" peke yake inakula kofi lake, ameshaelewa jambo kubwa. Wakubwa wa miaka 6 hadi 8 wachezeni kinyume, ule mchezo wa kuleta mwisho mbele: samaki anakuwa kisama, nyumba mbanyu, maji jima, na kuku anabaki kuku.

Simu nitaisema kwa ufupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kioo kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na kuanzia 2 hadi 4 kisizidi saa 1 kwa siku. Sababu ninayoiona mimi kila siku ni kwamba katuni inasema mfululizo, haimngoji ajibu.

Baada ya magharibi

Umeme ukikatika msisikitike, huo ndio muda. Anza na vidole vya mkono kwa wadogo: cha kwanza kasema twende, cha pili wapi, cha tatu tukaibe, cha nne tukikamatwa je, gumba akasema mimi simo, ndiyo maana amekaa mbali. Mara ya tatu mwache yeye awe gumba. Hadithi nazo rudieni ile ile usiku hata kumi. Mtoto anataka kufika pale anapopajua ili akutangulie. Nyamaza kabla ya neno lenyewe, alitie yeye.

Vitendawili viende kwa ngazi. Kwanza vya kuona: nyumba yangu haina mlango, yai, nyumba yangu ina nguzo moja, uyoga. Kisha vya kufikiri: huku ng'o na kule ng'o, giza. Akishindwa aombwe mji kama ilivyo desturi, na autaje mji anaoujua, Lindi, Masasi, Kilwa. Ukishakwenda, mwambie jibu na umuulize kwa nini ni hilo. Ile "kwa nini" usiisahau, ndiyo inayomfanya aone jinsi neno moja linavyoweza kusimama badala ya jingine. Mwishowe, mwambie atunge chake. Vya kwanza havitakuwa na maana yoyote. Vipokee vyote, taja majibu, mpe mji.

Wiki ile ile ya Newala, usiku wa kuamkia safari yangu, Shazi alitusimamisha sote.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba ipo, mwenyewe kakaa nje."

Mjomba wake akasema mlinzi. Dada yangu akasema mbwa. Tukampa mji, akachagua Masasi, akaenda akarudi, kisha akainama kwenye kikapu chake, akainua bibo ambalo korosho yake ilikuwa bado inaning'inia chini.